Meza Yenye Komeo

Tangu mumewe aanze kuangalia video za kupamba nyumba, mshonaji hakuwa na amani kwake. Droo za kabati ziligeuzwa rafu za ukutani, nguo zikahamia kwenye mifuko. Ngazi ilining'inizwa darini ishike taa, na balbu ilipoungua hapakuwa na ngazi ya kupandia. Wakazoea giza, na bwana akaliita mandhari.

Jumamosi alirudi kutoka kazini akamkuta bwana amepiga magoti sebuleni, anapaka vanishi meza mpya. Upande mmoja ilikuwa na bawaba, upande wa pili komeo.

"Huu si mlango wa bafu?"

"Ulikuwa," akajibu, kifua mbele. "Ubunifu ni kuona kile ambacho wengine hawakioni."

"Na bafuni je?"

"Wewe si fundi cherehani? Utashona pazia."

Pazia lilikuwa halijashonwa mama yake mshonaji alipowasili, vumbi la safari limemjaa hadi kwenye kope. Alinywa chai kwenye meza ile huku mkwewe akimsomesha kuhusu mbao asilia. Mama akaipapasa, akaisifu, akaomba taulo, akaenda kuoga.

Punde sauti ikatoka bafuni.

"Mkwe wangu, ile meza nimeipenda. Hebu ilete huku, uishikilie kwa nje, umenipa mgongo, mpaka nimalize."

Mshonaji akaondoa vikombe mezani, kimoja kimoja, kwa furaha ambayo hakuwahi kuionja tangu ngazi iende darini.