Kisigino cha Arlette

Kisigino cha kushoto kiligeuka kuelekea ndani. Cha kulia kilibaki palepale, kama kigingi.

"Simama tena juu ya vidole, mama," daktari Bertin akamwambia mjukuu wangu. Akasimama. Kigingi hakikutikisika.

"Nani alikuwa anakanda huu muguu?"

"Ni koko," Arlette akajibu, akininyooshea kidole mimi, babu yake. "Kila siku. Iko na kitabu."

Kitabu chenyewe nilikuwa nacho kwapani, kile cha huduma ya kwanza, nimekifunika kwa karatasi ya mfuko wa simenti. Nilikuwa nimeteremka nacho kutoka Fizi hadi Baraka nikidhani tutazungumza, daktari na mimi, kama watu wawili waliosoma. Nilijua kusoma ukubwani, shule ya jioni, na kule mlimani aliyeteguka aliniita mimi. Arlette alipoanza kuchechemea, akiwa na miaka kumi na miwili, nilimkanda kwa mawese ya moto. Miezi minane. Akilia, nilisema anakwepa shamba. Siku moja nilivuta mpaka akauma kitenge cha mama yake.

Daktari aliinua picha ya mifupa dirishani.

"Haikuteguka, muzee. Alizaliwa hivi. Hii mifupa miwili ilipaswa kuachana, lakini imeungana. Hata ungekanda mwaka muzima, ungemuumiza tu."

Sikumtazama Arlette. Niliomba jina la ugonjwa, nikalinakili kwa mwandiko mzuri ndani ya jalada la kitabu.

Alifungwa plasta wiki sita. Maumivu yakarudi. Basi wakampasua, wakakata pale palipoungana, wakaweka katikati kipande cha mafuta ya mwili wake mwenyewe, mifupa isitafutane tena. Plasta ya pili ilipotolewa, daktari aliagiza mguu ugeuzwe polepole kila asubuhi, la sivyo utakakamaa upya. Mama yake, Constance, alianza kumsaidia. Mimi nikikaribia, Arlette aliuficha chini ya kitenge.

Siku ya kumi Constance alikuwa amekwenda shambani. Nilikuwa napita tu mlangoni.

"Koko."

Kitenge kilikuwa kimefunuliwa. Nilikwenda kwanza kunawa mikono.

"Usikande," akasema. "Shika tu."

Nikashika. Akaugeuza mwenyewe, midomo ameibana, na ndani ya kiganja changu kisigino kikasogea.