Ruhusa ya Kanali

Sheria ya Uingereza inasema hivi, na nimeisoma mwenyewe katika maktaba ya mjini bila mwalimu wa kunishika mkono: watu wakipita katika ardhi ya mtu miaka ishirini, mchana kweupe, bila kuvunja kitu na bila kuomba ruhusa, njia hiyo ni ya umma, na mwenye ardhi hawezi kuifunga tena. Bila kuomba ruhusa. Ukiomba, ulichopewa si haki. Ni hisani, na hisani hufa na aliyeitoa.

Kanali Ainscough alikufa Machi. Kufikia Mei jumba lake, msitu wa Hagg na upande mzima wa ziwa Thornmere vilikuwa mali ya Treadwell, mtu wa kusini aliyetajirika kwa maghala, na geti la msituni lilikuwa na mnyororo.

Sikushangaa. Ukuta ule unaouzunguka msitu ulijengwa na babu wa babu yangu. Bunge la mabwana lilipitisha sheria, malisho ya kijiji yakawa ya Ainscough wa kwanza, na mzee wetu, aliyebaki na ng'ombe watatu wasio na pa kula, akaajiriwa kujenga ukuta wa kuwazuia ng'ombe hao hao. Alilipwa viazi. Watu wa Hallbeck, kijiji chetu, wamesahau. Mimi sisahau. Nilipasua mawe ya kuezekea machimboni mpaka mapafu yakakataa, na kila tulipogoma, niliyepanda juu ya toroli kusema ni mimi. Wananiita Wakili wa Mawe. Waache waite.

Lakini safari hii sikusimama kwa ajili ya ng'ombe waliokufa zamani. Nilisimama kwa ajili ya Wilf Garnett.

Wilf alikuwa mwenzangu machimboni, mtu mpole, mikono kama makoleo. Alipostaafu, akili yake ilianza kuvuja. Kwanza majina ya vitu, kisha ya watu. Mwishowe alikaa jikoni kwake akamwuliza Enid, mkewe wa miaka yote ile, "Dada, mke wangu atarudi saa ngapi?" Enid alimjibu, "Hatakawia," akaenda kusimama uani penye nguo za kuanikwa, mahali ambapo Wilf hamwoni.

Isipokuwa Jumapili. Jumapili walivaa mabuti na makoti ya mvua, wakashika njia ya msitu wa Hagg, kama walivyofanya tangu wakiwa vijana. Sijui msitu ulikuwa na nini. Labda miguu ina kumbukumbu yake. Wakishapita mialoni na kuanza kuyaona maji kati ya majani, Wilf alirudi kuwa yule wa zamani. Nami niliona kwa macho yangu, siku nilipowakuta kando ya ziwa, kwenye banda bovu la mashua, wakila mkate wa tangawizi.

"Dockray," akaniita, yeye ambaye wiki nzima hakunijua. "Unajua hapa ni wapi? Hapa ndipo huyu mwanamke alinikataa."

"Nilikukataa mara moja tu," Enid akasema.

"Mara mbili. Ya pili ulikuwa umevaa kofia ya mama yako."

"Ilikuwa mbaya?"

"Mbaya sana. Nikasema, anayeweza kuvaa kitu kama hiki mbele za watu hataogopa kuolewa na mimi."

Enid alicheka mpaka akamwaga chai. Wakifika kanisani, njia inakotokea, mwanga ulikuwa umeanza kumtoka Wilf tena. Ndiyo hiyo tu. Kipande cha alasiri, mara moja kwa wiki, mwanamke akawa na mumewe.

Mnyororo ulipofungwa, Enid alimpeleka barabarani. Wilf akaogopa magari. Akampeleka upande wa pili wa ziwa, kwenye njia ya watalii iliyomwagwa kokoto, Wilf akakaa chini njiani kama mtoto, akakataa kuondoka. Enid akaja mlangoni kwangu.

"Sitaki kusikia habari za viazi vya babu yako," akasema. "Nataka Jumapili zangu."

Nikamwambia atazipata. Nilipeleka madai serikalini, nikazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta mashahidi, na Oktoba mkaguzi wa serikali akaja kuketi katika ukumbi wa kijiji, chini ya picha za timu ya kriketi. Treadwell hakuja. Alimtuma wakili kutoka London, msichana mwenye sauti ya upole. Mashahidi wangu wa kwanza walisema vizuri: tumepita, baba zetu wamepita, hakuna aliyetuzuia. Enid nilimweka mwisho. Hakuna mtu Hallbeck aliyeipita njia ile kumzidi Enid, wala aliyekuwa mkweli kumzidi.

Mimi sikuwahi kupita na Enid na Wilf pale getini. Nilikuwa napita peke yangu asubuhi, nikipiga mluzi ili Kanali anisikie na akasirike.

Yule msichana alimmiminia Enid maji kwanza.

"Bi Garnett, geti la msitu liko chini tu ya madirisha ya Kanali, sivyo?"

"Chini kabisa. Ukikohoa anakusikia."

"Kwa hiyo mlikuwa mkionana."

"Kila Jumapili. Wilf alikuwa anavua kofia, anamwuliza, 'Kanali, twaweza kupita?' Naye anasema, 'Piteni tu, piteni.' Sisi si washenzi, binti yangu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Na angesema hapana?"

"Tungerudi. Kwa mtu ni kwa mtu." Enid alikuwa ameanza kuifurahia shughuli, hakuna aliyewahi kumsikiliza kwa makini namna ile. "Na kila Krismasi nilimpelekea chupa ya jamu ya plamu, namshukuru kwa mwaka uliopita na kumwomba mwaka unaokuja."

"Ulikuwa unajiombea wewe na mumeo?"

"La. Ningekuwa mchoyo namna gani? Niliwaombea watu wa Hallbeck wote."

Msichana alisema, "Asante, Bi Garnett, sina swali lingine," na nadhani hata yeye aliona haya, maana hakumtazama tena. Mkaguzi alikuwa anaandika. Mzee Tom Lofthouse, kutoka safu ya nyuma, akaongeza bila kuulizwa, "Kweli kabisa. Enid ndiye aliyekuwa akituombea. Jamu yake nzuri."

Husemwa heshima si utumwa. Aliyesema hivyo hakuwahi kukaa ukumbini kwetu siku ile, akaona jinsi tulivyofundishwa kuvua kofia kizazi baada ya kizazi, kisha kofia zenyewe zikaletwa kuwa ushahidi.

Enid alinifuata nje. "Nimesema vizuri?"

Nimewahi kuwatukana mameneja, mapolisi na askofu mmoja.

"Umesema kweli," nikasema.

Akautazama uso wangu muda. Si mjinga Enid. "Ilikuwa jamu tu, Dockray," akasema.

Hukumu ilikuja kabla ya Krismasi. Njia ilitumiwa kwa ruhusa, haki haipo. Mwaka ule Enid hakupika jamu, na plamu zilimwozea ndani ya ndoo. Wilf akaanza kumkwepa mle jikoni, kama mtu anavyomkwepa mgeni asiyejua amefuata nini. Enid alipotaka kumfungulia koti, akampiga mkono. Wilf, ambaye hakuwahi kupiga hata mbwa.

Jumapili moja ya Januari nilichukua mkasi wa kukatia vyuma, nikaenda getini. Jumba lilikuwa limefungwa madirisha yote. Treadwell huja kiangazi tu. Nikaukata mnyororo, nikaufungua ule mlango wa chuma mpaka mwisho, kisha nikaenda kuwaita.

"Huo ni wizi," Enid akasema.

"Wizi ulifanyika zamani. Vaa mabuti."

Akayavaa. Akamvisha Wilf yake, akafunga mkate wa tangawizi kwenye karatasi. Tukapanda kilima polepole, manyunyu yakituingia shingoni. Nilitangulia, nikasimama ndani ya geti, juu ya majani yaliyolowa. Nyuma yangu msitu ulikuwa wazi, na kule chini ziwa lilikuwa la kijivu.

Wilf alifika getini, akavua kofia. Akainua uso kwenye madirisha.

"Kanali," akasema, "twaweza kupita?"

Mvua ikamnyeshea kichwani.

"Twende, Wilf," Enid akasema. "Pako wazi."

"Hajajibu."

"Hayupo, mpenzi. Twende tu."

"Basi tusubiri." Akasimama wima, kofia kifuani. Enid akamvuta mkono, akawa kama anavuta mwaloni.

Nilifanya kitu ambacho sikudhani ningekifanya maishani. Nilirudi nyuma ya ukuta, ukuta wa babu wa babu yangu, nikainama wasinione, nikaibana sauti puani kama walivyozoea mabwana.

"Piteni tu," nikaita. "Piteni."

Kisha nikamsikia Wilf akicheka kidogo, kicheko chake cha zamani cha machimboni.

"Huyo ni Dockray," akasema. "Dockray hana shamba."

Nilipotoka alikuwa anaivaa kofia yake taratibu. Jina la mkewe lilikuwa limemtoka, na mwaka, na nyumba anayolala. Ardhi ni ya nani, hilo halikumtoka.

Akamgeukia Enid kwa adabu. "Dada, hapa hatujaruhusiwa. Nirudishe nyumbani. Mke wangu atakuwa ananitafuta."

Enid akamshika kiwiko. "Ndiyo," akasema. "Hatakawia."

Wakateremka. Mimi nikalirudisha geti na kuuzungusha mnyororo uliokatika ili mbuzi na kondoo wa jirani wasiingie, kisha nikauona ule mkate wa tangawizi juu ya ukuta, Enid alipouweka alipokuwa akimvuta, karatasi yake imekwisha kulowa.