Mwendo wa Mchi

Mama wa kantini alikataa katakata. Friji yake ni ya maziwa na soda, alisema, si ya vyuma vya karakana, na kama fundi anataka kupoza kitu, aanze na kichwa chake.

"Masaa mawili tu, mama," alisema fundi wa vipimo. Alikuwa amekipakata kile kitu kwa mikono miwili, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. "Hakinuki."

"Ni nini?"

"Koili ya swichi. Ya kile kituo kilichoungua."

Mama akasogeza pakiti za maziwa upande mmoja. "Weka hapo chini," akasema. "Na shemeji yako, mikono inaendeleaje?"

"Bado imefungwa."

Kazini fundi huyo walimwita Nukta, kwa sababu hakuwahi kuikubali namba isiyo na nukta na kitu mbele yake. Ukimwambia saa tatu, atakuuliza na dakika ngapi. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mwembamba, na kwa wiki mbili alikuwa amepewa kazi moja tu: kuandika hesabu ya mwendo wa mchi.

Mchi ni jina la mafundi. Ndani ya kila swichi ya umeme wa msongo mkubwa kuna koili ya waya, na ndani ya koili kuna kipande cha chuma chenye urefu wa kidole. Mtu akibonyeza kitufe, koili inageuka sumaku, mchi unaruka, unatwanga komeo, komeo linaachia springi, swichi inafunguka na umeme unakatika. Safari yote ya mchi ni milimita ishirini na mbili. Ukipepesa jicho, imeshakwisha.

Alfajiri ile ya baridi kituo kilipoungua, baada ya laini ya umeme kuanguka, aliyekuwa zamu ni mume wa dada yake Nukta. Kifaa cha kukata umeme bila mtu kubonyeza kilikuwa kimepelekwa matengenezo, kwa hiyo kazi yote ilibaki kwenye kidole cha mtu. Shemeji alisema alibonyeza, akabonyeza tena, kisha akatoka mbio nje kwenda kuvuta mkono wa swichi, na mafuta ya transfoma tayari yalikuwa yanawaka. Mashine ya kumbukumbu iliandika tu kwamba swichi ilifunguka baada ya sekunde kumi na moja. Kitufe haikukiandika. Saa nne asubuhi, jua likiwa kali, wakubwa walikwenda wakabonyeza wenyewe, na swichi ikafunguka papo hapo. Basi wakasema alikuwa amelala. Ikithibitika, atafukuzwa bila kiinua mgongo, na mikono ile iliyoungua haitapata kazi nyingine.

"Kaka, hao wataisikiliza karatasi yako kuliko mdomo wa mume wangu," dada yake alimwambia. "Iandike vizuri."

"Nitaandika kilicho kweli," alimjibu, kwa wepesi wa mtu ambaye ukweli bado haujamgusa.

Mpaka jana hesabu ilikuwa inamkandamiza shemeji. Kwenye kompyuta, mchi ulifika kwenye komeo na mwendo wa mita mbili kwa sekunde, na komeo linahitaji moja na nusu tu ili liachie. Namba zote alikuwa amezipima mwenyewe: uzito wa mchi, ukaidi wa springi, umeme unavyopanda ndani ya koili. Isipokuwa moja. Ile ya msuguano aliitoa kitabuni, kwa sababu mchi husafiri mkavu, na chuma kikavu tabia yake inajulikana. Leo asubuhi, ili asiache namba ya kuazima, aliifungua ile koili akaingiza kidole ndani. Kidole kikatoka na grisi.

Alikaa chini. Ilikuwa grisi ya njano, nzito, ya beringi za pampu, inayoganda kwenye baridi, na kopo lake lilikuwa kwenye sanduku la Nukta mwenyewe. Miezi mitano nyuma ndiye aliyeihudumia swichi ile. Kitabu kinakataza mchi kupakwa chochote, na kitabu anakijua kwa moyo. Lakini mkono wa fundi ukiona kitu kinachosogea hauwezi kukiacha kikavu, kama mama asivyoweza kumtoa mtoto nje na miguu iliyopauka. Alipaka kidogo tu, akafuta kidole kwenye suruali, akatia sahihi kwenye kadi: imesafishwa, imekaguliwa. Grisi hakuiandika. Kwake haikuwa kazi, ilikuwa wema, na wema huo alikuwa ameufanya kwenye swichi kumi za laini ile.

Mchana aliitoa koili kwenye friji ikiwa na ubaridi wa alfajiri ile. Akaifunga mezani pamoja na komeo lake, akaunganisha kipimo cha mwendo, akabonyeza. Mchi ulisogea kama mzee anayeshuka ngazi. Ukafika kwenye komeo, ukaligusa, ukasimama. Komeo halikutikisika. Akabonyeza tena, na mambo yakawa yaleyale. Alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu huruma, kwa sababu sasa alimwona shemeji yake vizuri, kidole kikiwa kwenye kitufe, akingojea mlio ambao hauji.

Hata hivyo alimaliza kazi. Akawa anapandisha namba ya msuguano kidogo kidogo mpaka mstari wa hesabu ukalala juu ya mstari wa kipimo, mwanzo hadi mwisho. Mwendo wa kufikia komeo: mita sifuri nukta nne kwa sekunde. Ilikuwa hesabu safi kuliko zote alizowahi kufanya, na hakutamani mtu yeyote aione.

Kwenye nafasi ya chanzo aliandika: baridi. Akaisoma. Neno hilo moja lilitosha kumwokoa shemeji, na lilimwacha yeye na miaka yake mitatu iliyobaki kabla ya kustaafu. Kisha akazikumbuka zile swichi tisa nyingine, na watu tisa walio zamu kesho alfajiri. Akalifuta.

Saa tisa na robo alikuwa mbele ya mkuu wa idara na mhandisi, binti aliyeajiriwa mwaka jana.

"Kwa hiyo alibonyeza," mkuu alisema.

"Alibonyeza. Hata angebonyeza mara mia, ingekuwa vilevile."

Mhandisi alikuwa ameinamia karatasi. "Mzee wangu, msuguano huu ni mara sita ya ule wa kitabuni. Baridi peke yake haifanyi hivi. Umeutoa wapi?"

"Nilipaka grisi," Nukta alisema. "Mimi mwenyewe, na kwenye kadi sikuandika. Zipo swichi nyingine tisa, orodha iko ukurasa wa mwisho. Naomba zisafishwe leo, kabla baridi haijaingia."

Mkuu akavua miwani. "Unajua unachokisema? Miaka thelathini na moja ya kazi."

"Na miezi minne."

Hakuna aliyecheka. Mkuu akavuta simu karibu, akamwonyesha mlango kwa kichwa, bila ukali.

Shemeji alikuwa kwenye benchi la korido akingoja kuitwa, mikono imefungwa bendeji mpaka juu ya viwiko, koti limewekwa tu mabegani.

"Wamesemaje, shemeji?"

"Ulibonyeza. Imeandikwa."

Shemeji akafumba macho. "Nilishaanza kujitilia shaka," akasema. "Naota nimelala kweli." Kisha akafumbua. "Sasa ilikuwa nini?"

"Grisi. Niliipaka mimi."

Mlango wa ofisi haukufungwa vizuri, na sauti ya mkuu ikasikika akitaja kwenye simu vituo vya zile swichi tisa, kimoja baada ya kingine. Pembeni ya shemeji palikuwa na chupa ya maji, bado ina kizibo. Karani alimletea, akasahau kwamba mgeni hana mikono ya kuifungulia. Nukta akaketi, akaifungua, akaisogeza mpaka karibu na midomo ya mwenzake. Maji kidogo yakamwagikia koti.

Shemeji hakunywa, wala hakugeuza uso. Aliutazama ule mkono ulioshika chupa, na ndani ya ofisi mkuu akafika kituo cha nne.