Navalayo Aenda Kanisani kwa Mkwewe

Kuna watu wakikwambia "Bwana asifiwe" unatamani kunawa mikono. Navalayo alimjua mmoja wa namna hiyo, na bahati mbaya ndiye aliyemwoa binti yake.

Aliitwa Mchungaji Osundwa. Kanisa lake lilikuwa ng'ambo ya Ekero, katikati ya mashamba ya miwa, jengo la mabati lenye madirisha yasiyo na vioo. Sauti alikuwa nayo, hilo tusimnyime. Alipokuja kumposa Edah alivaa suti ya rangi ya maziwa, akanukuu Maandiko tangu mlangoni mpaka alipoletewa kuku, na kuku mwenyewe akamla mpaka mifupa ikaona haya. Wazee wa ukoo wakasema huyu si mkwe, huyu ni baraka. Baba Edah, ambaye wakati huo alikuwa bado hai, akakubali. Navalayo hakuulizwa, wala hakumwona vizuri huyo bwana harusi, kwa sababu hakutakiwa kumwona.

Maana kwao mama na mume wa binti yake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali chungu kimoja, hawaketi chini ya paa moja la nyumbani. Wakikutana njiani, mwanamume ndiye anayeiacha njia. Anaingia kichakani na kugeuza uso mpaka mama apite. Na mama naye hakanyagi boma la mkwewe mpaka siku atakapoalikwa rasmi na mbuzi wa heshima achinjwe. Miaka ilipita na Osundwa hakuwa na haraka ya mwaliko huo. Navalayo alikuwa amelelewa na adabu hiyo kama alivyolelewa kwa obusuma, ugali wa kwao, na hakuwahi kuiulizia swali.

Basi juma la Pasaka, mwaka ule vyama vingi viliporudi na kila mtu akawa mwanasiasa, Mwanamisi alipita kwake. Mwanamisi alikuwa mfanyabiashara wa leso, Mwislamu wa Mumias, mtu wa kuzunguka masoko yote mpaka Matete. Siku hiyo hakufungua hata mzigo.

"Mama Edah, mimi si mtu wa maneno," alisema. "Lakini binti yako nimemwona sokoni juzi. Amejiziba mdomo na leso. Nikamwuliza, akasema ameanguka. Nikamwuliza tena, akalia."

"Ameanguka wapi?"

"Huko kwake wanasema anaangukanga sana. Hasa mchungaji akiwa nyumbani."

Navalayo hakuwa anasikia hayo kwa mara ya kwanza. Mwaka uliotangulia uvumi kama huo ulimfikia, akamtuma shemeji yake akaangalie. Shemeji alirudi jioni akinuka mchuzi wa ingokho, kuku wa kienyeji, anachokonoa meno kwa kijiti, akasema hakuna neno, nyumba ile ina amani, na zaidi ya hayo mchungaji amewaombea wote baraka. Navalayo alishindwa kula usiku ule. Hakujua kilichomtia kinyaa zaidi, ile habari au kile kijiti.

"Mimi siwezi kwenda pale," alisema sasa. "Ni kwa mkwe."

Mwanamisi akajibu polepole, kama mtu anayechagua maneno katika nyumba isiyo yake. "Nyumbani kwake huwezi, sawa. Hayo ni ya kwenu na sitayaingilia. Lakini kanisani ni kwake, ama ni kwa Mungu?"

Swali hilo Navalayo alilala nalo na kuamka nalo mpaka Jumapili.

Aliondoka alfajiri, viatu mkononi. Mvua za masika zilikuwa zimeigeuza barabara ya miwa kuwa uji, na matairi ya trela za kubebea miwa yalikuwa yamechimba mitaro ya kumzamisha ndama. Alijifunga leso kichwani, akaiteremsha usoni. Alichokwenda kufanya kilikuwa kimoja tu, nacho alikijua: kumwona Edah kwa macho yake, na kama ni kweli, kurudi naye nyumbani siku hiyohiyo. Atamtoaje mikononi mwa mtu anayeheshimiwa na tarafa nzima, hilo hakujua. Isitoshe alikuwa anaogopa. Tangu utoto aliambiwa kwamba mwanamke anayemsogelea mkwewe hushikwa na kutetemeka, macho yakaingia ukungu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye aliambiwa maisha yake yote asitazame.

Aliomba huku akitembea, kwa maneno machache, maana hakuwa fundi wa sala. Aliwawaza wale wanawake wa Pasaka ya kwanza, waliokwenda kaburini alfajiri bila kujua nani atawavingirishia jiwe. Nao walienda tu. Hilo lilimpa nguvu kuliko mahubiri yote aliyowahi kusikia.

Karibu na kanisa alipitwa na kundi la waumini waliovaa kanzu nyeupe, ngoma mbele, bendera juu. Mama mmoja mnene akapunguza mwendo atembee naye. "Unaenda kwa Mchungaji Osundwa? Umefanya vyema, mama. Yule ni mtu wa Mungu kabisa. Na mke wake, maskini, ni mtu wa ajali ajali, lakini mchungaji anamvumilia."

Anamvumilia. Navalayo alimwacha atangulie, kisha akatema mate kando ya barabara. Aliosha miguu kwenye mfereji, akavaa viatu, akaingia na kuketi benchi la mwisho upande wa wanawake.

Edah alikuwa benchi la mbele, mahali pa mama mchungaji. Navalayo alimjua kwa mabega, ingawa yalikuwa yamepungua. Leso ilizunguka kidevu mpaka puani. Wimbo wa kufufuka ulipopanda, kanisa zima lilisimama na kutikisika. Edah, aliyekuwa akiongoza nyimbo tangu darasa la tatu, alisimama kimya.

Mchungaji akapanda madhabahuni. Kanzu nyeupe pepe, mshipi mwekundu, viatu vimeng'arishwa mpaka vinacheka. Akahubiri juu ya nini? Juu ya walewale wanawake wa kaburini. "Malaika aliwaambia nini?" alisema, sauti tamu kama juisi ya miwa. "Aliwaambia waende wakawaambie wanaume. Hakuwaambia wasimame sokoni wakisimulia mambo ya nyumba. Mwanamke mwema hubeba habari njema. Mwanamke mbaya hubeba umbeya."

"Amina," wanawake wakaitikia.

"Mdomo wa mwanamke ndio mlango wa shetani. Ufungwe."

"Amina."

Na Edah amekaa palepale, mdomo umefungwa. Watu wote wale walikuwa wanauona, na walikuwa wanasema amina. Navalayo alichukizwa na mkwewe, lakini huyo tayari alishamjua. Zaidi alichukizwa na zile amina, jinsi zilivyotoka kirahisi, kama watu wanaojibu hodi.

Ukafika wakati wa meza ya Bwana. Waumini wakapanga foleni, na mchungaji akasimama mbele na sahani ya mkate, anammegea kila mmoja na kumwekea mkononi bila kumtazama usoni, midomo inasema "mwili wa Bwana, mwili wa Bwana" kama kondakta anayekata tiketi. Shamasi Shikanga, mzee mwembamba wa sauti ya chini, alimfuata na kikombe.

Navalayo akasimama. Aliingia foleni. Alipobaki na mtu mmoja mbele yake, akaivua leso yote kichwani, akaitupa begani. Mtu yule akapokea, akaondoka. Navalayo akanyoosha mkono.

Mkono wa Osundwa ulikuwa umeshafika nusu ya njia na kipande cha mkate. Akainua macho, akamtambua mama wa mkewe.

Kanisa lote liliona uso wa mchungaji ukibadilika rangi. Mkate ukamponyoka, sahani ikafuata, vipande vikatawanyika kwenye sakafu ya udongo. Akajifunika uso kwa Biblia, akageuka, akajigonga kwenye meza, akatoka mlango wa pembeni mbio, kanzu ameikusanya mikononi. Hapo hakukuwa na mahubiri wala Maandiko. Alikimbia vilevile ambavyo babu yake angekimbia.

Navalayo alibaki amesimama. Alingoja kutetemeka kuje, na ukungu uje. Havikuja. Mkononi hakuwa na kitu. Ndipo akaelewa jambo ambalo miaka yote lilikuwa mbele yake: mwiko ule haukumfunga yeye peke yake. Alikuwa amekaa nyumbani akimwogopa mtu ambaye, kwa sheria ileile, alitakiwa kumkimbia.

"Mama," Shikanga alimnong'oneza, ameshikilia kikombe kwa mikono miwili, "umefanya nini? Huyu ni mkweo. Hii ni aibu kubwa."

"Nimekuja kwenye meza ya Bwana, mzee. Sikumfukuza mtu."

Akaenda benchi la mbele. Edah alikuwa anamtazama, macho yamemtoka, hajasogea. Navalayo akaishika leso ya binti yake, akaiteremsha taratibu. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba na kuwa la zambarau. Mdomo wa juu ulikuwa na mshono wa uzi mweusi, na chini yake meno ya mbele hayakuwepo.

Akamgeuza Edah awatazame watu.

"Hii mnaionanga kila Jumapili?" aliuliza, wala hakupaza sauti. "Mmesema amina ngapi leo?"

Yule mama mnene akaanza kuokota vipande vya mkate sakafuni, kwa bidii, kama ndiyo kazi iliyomleta duniani. Wengine walitazama miguu yao. Mwanamume mmoja akasema maneno ya nyumba yazungumzwe nyumbani. Navalayo alimtazama tu, naye akakumbuka kwamba alikuwa na kikohozi. Lo, watu wale. Kama kungekuwa na maji pale, angenawa.

Akamshika Edah mkono, wakatoka.

Edah alitembea, lakini hakusema neno. Hakuuliza wanaenda wapi. Navalayo alimvuta kama mtu anayeongoza ng'ombe aliyenunuliwa leo, na hilo ndilo lililoanza kumtia hofu mpya. Kumtoa kanisani alikuwa amemtoa. Lakini je, kama moyo umebaki? Wangapi wamevutwa hivyo, na kabla ya mavuno wamerudi wenyewe na mzigo kichwani?

Walipofika penye kona, Osundwa alikuwa amesimama katikati ya njia, ametangulia kwa njia ya mkato, mikono kiunoni. Navalayo akajiweka mbele ya binti yake, akaendelea kutembea hivyohivyo, hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Akamkaribia. Akamkaribia zaidi. Mchungaji alisimama, akasitasita, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akaruka mtaro na kutumbukia ndani ya miwa. Kanzu ilinasa kwenye majani, ikapasuka. Matope yalimfika magotini.

Kama si kinyaa, Navalayo angecheka.

Sasa sauti ikatoka ndani ya miwa. Ilikuwa ileile sauti tamu, haikuwa na hata chembe ya matope.

"Edah. Edah wangu. Leo ni Pasaka, mke wangu, siku ya kusameheana. Nimekosa. Shetani alinipitia. Rudi nyumbani, nitanunua dawa, nitakupeleka hospitali ya Kakamega wakutengeneze meno. Mbele ya Mungu naapa sitakugusa tena."

Edah akasimama.

Navalayo alihisi mkono wa binti yake ukilegea ndani ya wake. Hii ndiyo sauti iliyomchukua mara ya kwanza, na aliona wazi kwamba bado ilikuwa na nguvu. Alitaka kusema. Alikuwa na maneno ya kujaza gunia. Akauma ulimi, maana siku ile tayari mtu mmoja alikuwa amemwamrisha Edah afunge mdomo, na hakutaka kuwa wa pili. Akauachia mkono.

Nyuma yao, Shikanga na waumini kadhaa walikuwa wamefika mpaka penye kona, wakasimama mbali wakiangalia.

Edah aliugeukia upande wa miwa. Maneno yalitoka kwa shida, mapana, yakipita kwenye pengo.

"Unasema kweli?"

"Kweli tupu, mke wangu. Nakupenda kuliko uhai wangu."

"Basi toka," Edah akasema. "Njoo hapa njiani uyaseme hayo, mama akiwepo."

Upepo ulipita juu ya miwa. Ndani, kitu kilisogea kidogo, muwa ukavunjika, halafu hakikusogea tena. Wote walingoja, Navalayo, shamasi, waumini na kanzu zao. Angeweza kutoka. Hatua chache tu, aipoteze heshima yake mbele ya watu, apate mke. Mtu aliyeapa kwa Mungu na kwa uhai wake alichuchumaa kwenye matope, kimya, akilinda sura yake isionwe na mkwe.

Edah alingoja kupita kiasi, mpaka mama yake akamhurumia. Kisha akaifungua leso shingoni, akajifuta mikono nayo, na akaanza kutembea kuelekea nyumbani alikozaliwa, mbele ya mama yake.