Katekista Aliyechoka Kufarijiwa

Kilichomchosha Anatoli hakikuwa wingi wa watu waliokuja kumpa pole. Kilichomchosha ni kwamba walikuja na maneno yake mwenyewe.

Alikuwa katekista wa kigango kimoja huko Kaniha, wilayani Biharamulo, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Padri alifika kigangoni mara moja moja, barabara ikiruhusu. Siku nyingine zote Anatoli ndiye aliyefundisha watoto wa komunyo, ndiye aliyeongoza ibada ya Jumapili, na ndiye aliyesimama makaburini. Alikuwa na maneno ya kila aina ya kifo: ya mtoto mchanga, ya mzee aliyeishi miaka yake yote, ya mama aliyeacha wadogo. Aliyasema polepole, akiwaangalia watu usoni, na wengi waliyashika wakaenda nayo nyumbani.

Halafu akafa Joyness, binti yake wa pekee, aliyekuwa ameolewa Ngara. Alikuja kusalimia wazazi, akapata homa, wakadhani ni ile ya kila masika. Hali ilipogeuka ikatafutwa pikipiki ya kumkimbiza hospitali. Alikata roho njiani, akiwa katikati ya dereva na mama yake, na Anatoli akawa nyuma anafuata kwa miguu.

Wa kwanza kuja alikuwa Desderius, mwenyekiti wa jumuiya yao. Alikaa, akakohoa kidogo kama Anatoli anavyokohoa kabla ya kuanza kuongea, akasema kwamba mwenye bustani huchuma ua analolipenda. Anatoli alimtazama. Maneno hayo aliyasema yeye, miaka iliyopita, siku walipomzika mtoto wa Desderius, na siku hiyo aliyaona mazuri sana. Sasa aliyasikia kama mkulima. Mkulima gani mwenye akili timamu huchuma ua la mharage kabla halijatoa hata punje moja? Alitaka kuuliza hivyo. Badala yake alisema ahsante.

Wakaja wanakwaya. Benedicta, kiongozi wao, akasema Joyness hakufa bali ametangulia. Wakaja majirani wa ng'ambo ya mto, wakasema Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Wakaja wazee, wakasema kazi ya Mungu haina makosa. Yote ni yake. Yote aliyasema makaburini, sauti ikiwa tulivu na viatu vikiwa safi, kisha akaenda zake kula chakula cha msiba. Na kwa kuwa ni yeye aliyewafundisha, hakuweza kumkatalia hata mmoja wao. Alikaa kwenye kiti chake akiitikia kwa kichwa, huku meno ameyauma.

Mke wake, Jovina, alikuwa akipita na chai. Wageni walizungumza na mwalimu wao. Jovina walimwomba sukari.

Siku zikapita, watu hawakukoma. Anatoli aliacha kwenda kigangoni. Alimpelekea Desderius funguo za kanisa, akamwambia atafute mtu mwingine wa kuongoza ibada. Desderius alimjibu kwamba hilo ni jaribu na litapita, na hilo nalo lilikuwa neno la Anatoli. Jumapili iliyofuata Desderius akaja na kwaya nzima ili waimbe uani. Anatoli alipowasikia wanakaribia alitoka kwa mlango wa nyuma, akaingia kwenye shamba la mihogo, akakaa humo chini mpaka walipomaliza kuimba. Jovina ndiye aliyesimama mlangoni kuwapokea. Mumewe aliporudi ndani hakumuuliza chochote, naye hakumwambia chochote. Walikuwa wamezoea kukaa hivyo.

Siku chache baadaye akaja Mama Tecla kutoka Nyamigogo. Alikuwa mjane, mkubwa kwa Anatoli, mtu wa maneno makali, na alijulikana kwa hilo. Anatoli alimwamkia shikamoo, akamsogezea kiti, akajiandaa kusikia tena habari za ua na bustani. Mama Tecla hakukaa.

Alisema kwamba amesikia Mwalimu siku hizi anawakimbia watu, na kwamba hamlaumu. Akasema siku walipomzika mume wake, Malongo, Anatoli alihubiri vizuri na kila mtu alisifu, ila yeye mwenyewe mahubiri yale yanamuudhi mpaka leo.

"Nilitaka kukurushia udongo," alisema.

Anatoli akasema angemrushia tu.

"Lakini wiki iliyofuata ulikuja kuchukua mabenchi ya kanisa," Mama Tecla aliendelea. "Ukakuta mbuzi wameingia kwenye maharage yangu. Uliwafukuza ukawafunga. Kisha ukakaa, ukala mihogo na wanangu, ukawaambia jinsi baba yao alivyokuwa akiimba vibaya kanisani mpaka kwaya inapotea. Watoto wakacheka. Mimi mwenyewe nikacheka. Usiku ule nililala."

Anatoli hakukumbuka mbuzi wala mihogo. Mahubiri ndiyo aliyoyakumbuka, neno kwa neno, na hilo lilimuudhi zaidi.

Ndipo Mama Tecla akamweleza kilichomleta. Jirani yake, Restituta, alikuwa na kijana mmoja, Danstan. Mvua za kupandia zilipoanza, Danstan alijitoa uhai. Hakuna aliyejua sababu, hata mama yake. Kijiji kikagawanyika. Wengine walisema asiombewe kabisa, wengine walikuja mazikoni wakasimama mbali kama watu wanaopita njia. Tangu hapo Restituta amejifungia. Chakula kinapelekwa kinaoza. Wachache wanaokwenda kumwona wanakwenda na maneno, na kila wakitoka hali yake inazidi kuwa mbaya.

"Sasa nimefikiri," alisema Mama Tecla, "nani huku kwetu hana la kusema? Nikasikia ni wewe."

Anatoli akamwambia kwamba yeye mwenyewe amefiwa, kwamba hajasali tangu siku ile, na kwamba funguo za kanisa hazipo tena kwake.

"Najua. Vaa viatu."

Alivaa kwa hasira, na zaidi alitaka mama yule atoke nyumbani kwake. Dereva wa bodaboda alisimama barabarani akawaita. Anatoli akasema hapandi pikipiki. Mama Tecla hakuuliza kwa nini, wakashika njia ya mkato kwa miguu. Matope yalikuwa ya kunasa. Kila waliyekutana naye alisimama kumpa Mwalimu pole, na kila pole ilikuwa na mahubiri ndani yake, hata Anatoli akaanza kusema ahsante kabla mtu hajafungua kinywa. Mama Tecla alilalamika njia nzima kuhusu magoti yake. Walipofika Nyamigogo jua lilikuwa limepanda, na Anatoli alikuwa amekasirika kuanzia miguuni mpaka kichwani.

Restituta alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejiegemeza ukutani, na bakuli la uji uliokauka liko kando yake. Hakuinuka.

"Kama umekuja kunihubiria, Mwalimu, geuka."

"Sikuja. Nimeletwa," Anatoli alijibu.

Mama Tecla alichukua lile bakuli, akaenda nalo jikoni, akawaacha. Anatoli aliketi chini kwa sababu viti havikuwepo. Alikaa. Zamani angeshaanza, angekohoa, angetafuta mahali pa kuingilia. Sasa alipotafuta ndani yake hakukuta kitu ila uchovu na miguu inayouma. Kuku waliingia wakatoka. Restituta alimtazama kama mtu anayengoja kupigwa, na alipoona hapigwi, akaongea.

Alisema alikuja mtu, hakumtaja jina, akakaa hapo hapo alipokaa Anatoli. Mtu huyo akamwambia alie kidogo tu, asijichoshe, maana waliojitoa uhai inajulikana wanakokwenda.

"Wewe umefundisha dini miaka yote," alisema. "Niambie usinifiche. Mwanangu yuko wapi?"

Tangu msiba wake, hasira ya Anatoli ilikuwa ikizunguka tu bila pa kutua: kwa Desderius, kwa Benedicta, kwa Mungu, kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa ilitua. Ilitua kwa mtu yule asiye na jina aliyekaa hapo mbele ya mwanamke huyu akamwambia vile.

"Sijui," alisema. Halikuwa neno alilowahi kulitumia kwenye nyumba ya msiba. "Sijui, na huyo aliyekwambia kwamba yeye anajua ni mwongo. Hakuna aliyemtuma."



"Ninalojua ni moja," Anatoli aliendelea, bila upole wowote, kama mtu anayegombana. "Kila Jumapili tunakiri kwamba Yesu alikufa, akazikwa, akashuka kuzimu. Nimewakaririsha watoto maneno hayo mpaka nimechoka, na sijawahi kukaa nikayafikiria. Alishuka kule kufanya nini, kama si kuwafuata watu? Basi hakuna shimo ambalo Danstan ameingia ambalo Yeye hajalifikia. Hakuna. Atakayekuja kukwambia vingine, mtume kwangu Kaniha, tutaonana."

Alishangaa mwenyewe. Hakujua kama analiamini jambo hilo mpaka aliposikia anavyolipigania.

Restituta alifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Anatoli hakumnyamazisha. Zamani angemnyamazisha. Alipotulia, alimuuliza Anatoli ni kweli aliyosikia, kwamba binti yake naye amekufa. Anatoli akasema ni kweli. Restituta akamuuliza alikuwa mtu wa namna gani. Tangu msiba hakuna aliyemuuliza hivyo. Anatoli akasema alikuwa mkaidi, alipenda panzi wa senene kuliko nyama, na hakuweza kupita penye kioo bila kusimama. Restituta akasema Danstan pia alikuwa hivyo kwenye vioo.

Baadaye Restituta akasema wasali. Anatoli akamwambia hana hakika kama ataweza. Walianza Baba Yetu taratibu, na walipofika pale pa kuomba mapenzi ya Mungu yatimizwe, wote wawili wakanyamaza. Hakuna aliyetaka kupasema. Walikaa hapo, midomo imefungwa, kama punda waliogoma mtoni. Ndipo kutoka jikoni ikasikika sauti ya Mama Tecla, aliyekuwa amechoka kungoja, akiisali yote iliyobaki kwa sauti kubwa huku anasonga ugali, mpaka amina. Restituta alicheka kidogo, kisha akaona aibu. Chakula kilipoletwa alikula, si kingi, akalalamika kwamba ugali ni mgumu.

Anatoli alirudi nyumbani jioni, matope mpaka magotini. Jovina alikuwa jikoni anachambua maharage. Anatoli alisimama mlangoni akamwambia yote: njia, Restituta, swali lake na jinsi alivyomjibu. Alizungumza sana kuliko alivyozungumza tangu msiba. Jovina alisikiliza bila kuinua uso. Mumewe alipomaliza, aliuweka ungo chini.

"Umetembea mpaka Nyamigogo kumsikiliza Mama Danstan," alisema. "Mimi niko hapa, Baba Joyness. Jikoni. Siku zote niko hapa."

Anatoli alikohoa ili aanze kujieleza. Jovina aliinua mkono. Akasema kile kikohozi asikisikie tena ndani ya nyumba hii, kama ana la kusema aseme kama mtu, na kama hana akae.

Anatoli akakaa.

Ndipo Jovina akamsimulia safari ya pikipiki, ambayo mumewe hakuwahi kuiulizia. Alisema Joyness alikata roho kabla hawajafika barabara kuu. Yeye alijua. Aliusikia mwili ukibadilika mikononi mwake. Lakini hakumwambia dereva, kwa sababu angesema dereva angesimama, na wakisimama yangekuwa yamekwisha. Basi akamshikilia, akaendelea kumwambia tunakaribia mwanangu, tunakaribia, mpaka mlango wa hospitali. Ile ndiyo njia ya mwisho aliyokwenda na mwanawe, na hakutaka mtu aifupishe.

Anatoli alikuwa na maneno zamani ya kumfariji mama wa namna hiyo. Aliyaona yakija, akayaacha yapite. Alisogeza kibao chake karibu na cha mkewe, wakakaa mpaka moto ukafifia, na hakuna aliyeuchochea.

Hakurudi kigangoni upesi. Desderius aliendelea kuja kumsihi, naye aliendelea kumkasirikia, ingawa siku moja alimuuliza habari za yule mtoto wake waliyemzika zamani, alikuwa mtoto wa namna gani, na Desderius akakaa mpaka jua likazama. Kila wiki Anatoli na Jovina walikwenda Nyamigogo. Siku nyingine Restituta aliwapokea, siku nyingine aliwaambia hana hamu ya watu, wakaketi nje kidogo na Mama Tecla kisha wakarudi.

Padri alipofika kwenye ziara yake, Anatoli alimfuata akamwomba Misa ya Danstan, isomwe nyumbani kwa mama yake, mchana, kila mtu aone. Alikuwa amejiandaa kubishana. Padri akakubali mara moja, akauliza tu kwa nini hakuna aliyemwomba mapema.

Siku ya Misa waliokuja hawakujaza ua. Kwaya ilikuja nusu. Restituta alisimama mbele, Mama Tecla upande huu, Jovina upande ule, akasimama mpaka mwisho. Padri alimwomba katekista aseme neno kwa wafiwa. Anatoli alisogea, akawatazama, akataja jina la Danstan na jina la mama yake, akasema kwamba atakuja tena wiki ijayo, akarudi mahali pake. Desderius alimnong'oneza kwamba neno lile lilikuwa fupi mno, watu walitegemea zaidi. Anatoli akamwambia basi alete mabenchi, wazee wamechoka kusimama.