Kilio Kilichouzwa Mtito Andei

Kasyoka alizikwa Ikutha mwaka ule wa njaa, 1984, akiwa na miaka minne. Mama yake, Mbinya, ndiye aliyeongoza nyimbo kanisani, na siku hiyo sauti ilimtoka bila yeye kuiita. Alimwimbia mtoto pale kaburini mpaka pasta akafunga Biblia na kungoja.

Kilonzo, binamu ya mume wake, alikuwa amekuja na redio ya kaseti. Alisema anarekodi mahubiri ili familia ipate ukumbusho.

Huyu Kilonzo alikuwa na kibanda cha kanda kule Mtito Andei, kando ya barabara ya Mombasa. Alianza na redio mbili, moja ikicheza, nyingine ikinakili. Madereva wa malori walikula nyama hoteli ya jirani huku wakingoja kanda zao, na kila walikozipeleka, Voi, Mariakani, Athi River, watu waliagiza zingine. Mwaka uliofuata alikuwa na mashine sita, duka la mawe, na jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango.

Mbinya alijua kilichomkuza Kilonzo siku aliyoenda Mtito Andei kutafuta mahindi. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye baa. Ilikuwa imetiwa gitaa na ngoma. "Kasyoka, nani atakufunika baridi ikija," ile sauti iliimba, na utingo mmoja alikuwa akicheza katikati ya meza, shati wazi, wenzake wakimpigia makofi.

Aliingia dukani kwa Kilonzo.

"Umeuza kilio changu."

"Mama Kasyoka, watu wanakipenda. Hiyo ni baraka."

"Mtoe mtoto wangu kwa baa."

"Ulilia mbele ya kijiji kizima," Kilonzo alisema, akipangusa kaunta. "Kilio hakina mwenyewe."

Nyumbani, mumewe Mbuvi alichukua panga.

"Liweke chini," Mbinya akamwambia. "Panga litamkata mara moja."

Novemba Mbinya alirudi dukani na uso mtamu. Alisema ana nyimbo mpya za Krismasi, ila wanawake wa kwaya hawawezi kusafiri. Amwazime redio, warekodi huko huko Ikutha. Kilonzo alimwazima ile nzuri kuliko zote, akamnunulia na soda.

Kanda ilipokuja, Kilonzo alisikiliza upande wa kwanza. Kuzaliwa kwa Yesu, sauti kama asali. Nje malori yalikuwa yakipiga honi. Hakugeuza upande wa pili. Aliwasha mashine zote.

Upande wa pili Mbinya aliimba na kayamba tu, wanawake wakiitikia:

"Wengine walikuja na jembe."
"Kilonzo!"
"Wengine walikuja na maji."
"Kilonzo!"
"Wewe ulikuja na redio, ukamfukua mtoto udongo haujakauka."

Kiitikio kilikuwa rahisi, watu wakakidaka. Kilonzo akipita sokoni, mmoja alianza, "Wengine walikuja na jembe," na soko zima likaitikia. Mama yake mzazi, aliyeuza nyanya Matiliku, alikisikia kutoka kwa basi lililosimama mbele ya meza yake. Alifunika nyanya akaenda nyumbani, asitoke tena. Wazee wa kanisa walimwomba Kilonzo apumzike kwanza na kazi yake ya kamati ya ujenzi.

Februari alifika Ikutha. Mbinya alikuwa akipepeta ndengu, hakumpa kiti.

"Niimbie wimbo mwingine. Useme ulikuwa mzaha."

"Haukuwa mzaha."

"Mama amekataa hata kula. Nakuomba, kwa jina la Yesu."

"Kusanya kanda zote zenye kilio changu, uniletee hapa. Nitaimba."

Kilonzo alitazama chini. "Zimefika mpaka Mombasa. Watu wananakiliana wenyewe. Sijui ziko wapi."

"Hata hizo zenye jina lako sijui ziko wapi."

Kilonzo akaanza kulia. Mbinya aliweka ungo chini, akasogea karibu amwone vizuri, akamtazama mpaka machozi yakaisha. Hakumwambia pole.

Duka lilifungwa kabla ya mvua za Machi. Mbinya alijua kwamba mahali fulani barabarani bado kuna mtu anamchezea Kasyoka ngoma, na hilo halikumtoka. Lakini siku ile ya Februari, Kilonzo akiwa bado anaonekana njiani, alimwita Mbuvi ndani, akapakua muthokoi wa mahindi na maharagwe, akala sahani mbili.