Marehemu Kwenye Benchi

Fundi cherehani alikuwa kitandani, wodi ya saratani ya damu, anachovya mkate kwenye chai, marehemu mumewe alipoingia amevaa koti alilozikiwa nalo. Alifika siku ileile ambayo Profesa, mkuu wa wodi, aliitaja kuwa ya mwisho kwa fundi.

"Mama watoto, tayari?"

"Tayari kitu gani? Sijamaliza chai."

Basi akaenda kusubiri kwenye benchi la korido.

Profesa alishasema kwamba ile tiba mpya ya dawa mbili haijajaribiwa kwa watu wa umri wake. Wazee hawaingizwi kwenye utafiti, kwa hiyo hakuna ajuaye kama inawafaa, kwa hiyo waende nyumbani wakapumzike. Daktari wa zamu, binti mmoja kichwa kigumu, akaitikia, "Sawa, Profesa," kisha akamwanzishia fundi dawa zote mbili, ya sindano na ya vidonge. Moja peke yake isingemaliza kazi. Fundi alielewa upesi: sindano bila uzi hutoboa nguo tu.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Homa ilimshika, vidonda vikajaa mdomoni, damu ikapungua. Wengine wodini walizidiwa, wakaondoka na marehemu waliowafuata. Marehemu alikuwa akichungulia mlangoni kila asubuhi, na mfagizi akimwambia, "Baba, inua miguu, napiga deki."

Kisha wakapima uboho wa mifupa yake, wakaukuta safi, hauna saratani. Daktari alikuja mbio, viatu mkononi. Fundi alipiga vigelegele mpaka wodi ya jirani wakaitikia. Marehemu naye alilia kwa furaha, halafu akakumbuka kilichomleta, akanuna.

"Kule nimewaambia narudi na mke. Nitaonekanaje?"

"Utaonekana mtu aliyeoa mwanamke mkaidi."

Fundi akamshika mkono mumewe, wakaenda ofisini kwa Profesa.

"Huyu ndiye aliyekuja kwa tarehe yako," fundi alisema. "Muulize amekaa benchi muda gani."

Profesa alimpa marehemu kiti, akamuuliza habari za safari, akakubali kwamba yote ni kweli.

"Ila mama, kwa umri wako huhesabiwi. Aliyepona nje ya hesabu, kitaalamu bado hajapona."

Akawashukuru kwa kuja.

Marehemu aliondoka peke yake. Fundi alimsindikiza hadi getini, anacheka huku anafuta machozi. Aliporudi, benchi lilikuwa limeshapata mtu: mwanamke marehemu, mkoba mapajani, amemfuata mdogo wake, dereva mstaafu. Profesa alikuwa ametoka kumwambia mzee huyo aende nyumbani akapumzike, na mzee alikuwa akikunja shati lake.

Fundi alimpokonya lile shati.

"Twende kwa Daktari, kaka. Mlango ule pale."

"Na mimi je?" yule mwanamke marehemu akauliza. "Huko nimeshawaambia tunakuja wawili."

"Vua viatu, dada," fundi alisema. "Utakaa sana."